Madigadi ya Pipa la Bluu

Jumatatu, 10 Machi 2025. Chimala.

Magunia tangu asubuhi. Nimeacha kuhesabu baada ya sitini. Siku zote mgongo hutoa sauti nikiinama. Leo umetoa sauti nikiwa nimesimama tu. Nimeshtuka. Nina miaka thelathini na minne. Nilipomuaga mama kule Kasulu nilimwambia naenda kutafuta maisha. Sikujua kwamba maisha yenyewe yanashonwa kwenye gunia la kilo mia na mbebaji ni mimi.

Lakini jambo kubwa la leo si magunia. Bosi wetu, Mzee Premji, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ana mtoto mmoja mtu mzima, Dhaval. Huyu Dhaval amejiundia kigari nyuma ya mashine. Mabomba ya chuma yaliyoungwa, injini ya pikipiki nyuma, kiti cha basi lililokufa, magurudumu manne, basi. Hakina mlango, hakina paa, hakina chochote cha kuzuia tope. Juzi alikipeleka mashambani kwenye njia za matrekta. Akarudi hana uso. Tope kuanzia nywele mpaka soksi. Mzee Premji akatoka ofisini, akamtazama mwanawe, akamwagiza mlinzi amtoe yule kichaa getini. Mlinzi akamshika kola kweli. Ilibidi Dhaval ateme tope kwanza ndipo aseme yeye ni nani.

Basi leo ametukusanya makuli. Anataka madigadi manne. Si ya dukani. Jumamosi anakwenda Igawa kushindana na vijana wa Mbeya wenye vigari kama chake, na sharti lao ni kila kitu kitokane na vyuma chakavu na takataka. Atakayemtengenezea madigadi yakakaa, anatoka kwenye magunia na kuingia karakana kuwa msaidizi wa fundi. Moja kwa moja. Kivuli. Spana. Kiti cha kukalia.

Kiti. Magunia yaliyobaki nimeyabeba kama mito ya kulalia.

Tatizo ni Gideoni. Kuli mwenzangu, mtu wa Makambako, mdomo mtupu. Akibeba gunia moja anasimulia kama kabeba lori. Naye kasikia. Kanishauri nisijichoshe, maana kwao waliwahi kuwa na pikipiki.

Jumanne, 11 Machi

Gideoni kachukua bati. Lilikuwa moja tu hapa mashineni, na lilikuwa mlango wa choo. Sasa choo hakina mlango. Watu wanamlaumu nani? Mimi. Sijui kwa nini.

Nimeanza na karai la zege lililotoboka. Nimelikata katikati kwa msumeno wa chuma, nusu nimeishika juu ya gurudumu la mbele. Fundi Andendekisye kaja kutazama. Ni mzee wa Tukuyu aliyehamia Igurusi, kila asubuhi anakuja na baiskeli, hacheki hata siku moja. Kaniuliza kama gurudumu linakwenda kanisani, maana anaona nimelivalisha kofia.

Nikatupa karai. Nikachukua tairi kuukuu, nikalipasua, nikafunga kipande kwa waya. Dhaval kawasha injini. Kipande kimetikisika, kimechomoka, kimenipiga sikioni. Mpaka sasa sikio la kushoto linasikia injini.

Fundi kanionea huruma. Kaniita baba, kanikalisha chini, kanifundisha. Madigadi lazima yafuate mviringo wa tairi. Yaache nafasi ya vidole vinne ili tope lipite. Yawe mepesi. Na ya mbele yasifungwe kwenye bodi, yafungwe kwenye kikono kinachogeuka pamoja na gurudumu, la sivyo ukikata kona tairi linakula madigadi. Nimemuuliza kama Gideoni naye kamfundisha hayo. Kasema Gideoni hajauliza. Gideoni anajua.

Nimefurahi mpaka nikasahau sikio.

Jioni nimerudi ninapopanga, kwa Mama Sabina. Nimekaa nyuma ya nyumba nikiosha miguu. Mbele yangu pipa. Pipa la plastiki la bluu, kubwa, limefunikwa kifudifudi karibu na migomba, kuku wamelala juu yake. Nimelipita kila siku tangu Desemba, tangu mkwe wa Mama Sabina azikwe. Sikuwahi kuliona. Leo nimeliona. Mviringo wake ni mviringo wa tairi. Ukilipasua kwa urefu, kisha ukakata kila nusu kwa katikati, unapata madigadi manne yaliyozaliwa tayari. Nimepima kwa mkono. Nimepima tena kwa kamba.

Nimemuuliza Mama Sabina pipa la nani. Karuka kama kaona nyoka. Kasema si lake, hajawahi kuligusa, na mimi nisiliguse. Nikamuuliza mwenyewe atalifuata lini. Kasema yeye anaomba Mungu lisifuatwe kabisa, na likifuatwa liende mbali. Kisha kaingia ndani na kuacha mboga jikoni.

Nimetafakari. Mtu ana pipa zuri uani, anachota maji kwa ndoo ndogo mara nane kwa siku, na pipa halitumii. Anataka liende mbali. Huyu kachoka nalo. Anaona haya tu kusema.

Jumatano, 12 Machi

Mzee Premji kaondoka alfajiri kwenda hospitali Mbeya, macho yanamsumbua. Dereva kasema atalala huko siku mbili. Vizuri. Mzee akiwapo, mapumziko ya mchana ni dakika kumi na tano. Leo nimejipa saa nzima.

Mama Sabina alikuwa shambani anapalilia. Nimefukuza kuku, nimeinua pipa. Jepesi, zima, halina ufa. Pembeni limeandikwa FARAJA kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Nadhani ni jina la kampuni ya mafuta ya kula. Nimeliweka kichwani, huyo.

Sasa nieleze ajabu ya njiani. Toka nyumbani mpaka mashineni ni mtaa mzima, na mtaa mzima umesimama. Kinyozi kazima mashine yake na kichwa cha mteja kikabaki nusu. Mzee mmoja aliyekuwa anakula hindi la kuchoma kavua kofia. Mwanamke aliyebeba ndoo kaitua chini, kaweka mikono kichwani. Miezi saba nimepita barabara hii na magunia, hakuna hata mbuzi aliyenigeukia. Leo nimebeba pipa tupu, watu wanavua kofia. Nimetembea taratibu ili wanione vizuri.

Karibu na mashine kanijia Bibi Severina, yule bibi mnene anayeheshimiwa na wote, mwenyekiti wa nini sijui pale mtaani. Kaniuliza kwa sauti ya chini pipa linakwenda wapi. Nikamjibu kwa adabu, kwa Premji. Kaziba mdomo kwa kanga. Kauliza ni lini. Nikasema Jumamosi. Kanishika bega, kaniambia nijikaze, mwanangu. Nikamwambia najikaza, bibi, kwa hili nitajikaza mpaka mwisho. Machozi yamemtoka.

Sikutegemea watu wa Chimala wapende vigari kiasi hiki.

Kazi yenyewe: nimepasua pipa kwa msumeno, kisha kwa kisu kilichopashwa moto. Moshi umeniingia machoni, lakini mkato umenyooka. Maandishi yamegawanyika, FAR upande huu, AJA upande ule. Nimeyaacha. Yanapendeza.

Upande wa pili wa karakana Gideoni anapiga bati kwa nyundo kama anamwadhibu mtu. Madigadi yake yana kona. Nimempongeza.

Alhamisi, 13 Machi

Leo kila mtu kanipa pole.

Naandika hivyo kwa sababu mimi mwenyewe siamini. Nimeamka, jirani wa kushoto kanipa pole. Jirani wa kulia kanipa pole sana. Mama muuza vitumbua kanipa vitumbua vinne, kakataa hela. Mama Sabina, aliyekuwa hanipikii hata nikiumwa, kaniletea wali na maharage chumbani, kasimama mlangoni, kaniuliza kama kule kazini wametupumzisha. Nikamwambia hatujapumzishwa, mashine inakoboa kama kawaida, tena leo zaidi. Katikisa kichwa, kasema kila watu na taratibu zao.

Nilidhani atauliza pipa. Hakuuliza. Kinyume chake, ana furaha fulani anaificha. Kafagia pale pipa lilipokuwa, kamwaga maji, kapanda mchicha. Nilisema. Alikuwa amelichoka.

Kuhusu pole, nimepata maelezo. Wameona mgongo wangu. Siku zote wanauona, ila jana nilipopita na kitu kichwani polepole ndipo walipouona vizuri.

Karakana: Fundi kaniungia vishikio kwa vipande vya nondo na chuma bapa cha kitanda kilichovunjika. Vya mbele kavichomelea kwenye vikono vinavyogeuka, kama alivyonifundisha. Nimetoboa matundu kwa msumari wa moto. Chini ya kila nati nimeweka kipande cha kandambili ili plastiki isipasuke na isipige kelele. Wazo la kandambili ni langu mwenyewe. Fundi kalitazama kwa muda mrefu, kasema ndaga, yaani kashukuru, kwa Kinyakyusa. Kwa Fundi hiyo ni hotuba.

Nimefunga yote manne. Nimezungusha usukani kushoto, kulia. Hayagusi. Vidole vinne kila mahali. Nimekaa kwenye kiti cha basi lililokufa, nimefumba macho. Nimejiona karakana, nimekaa, mtu ananiomba spana namba kumi na tatu, na mimi namwambia asubiri.

Gideoni kakamilisha ya kwake. Yanang'aa. Kayafunga kwenye bodi. Kamwambia kila mtu kwamba kwao pikipiki ilifungwa hivyohivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa nne Dhaval kajaribu madigadi. Mvua ya usiku ilikuwa imejaza uwanja wa nyuma, tope la kutosha. Kayafunga kwanza ya Gideoni. Kaenda mbele sawa. Kakata kona. Kelele kama paka kabanwa mlango, kisha pufu. Bati limekata tairi la mbele kama mkate. Gideoni kasema tairi lilikuwa la zamani. Lilikuwa jipya. Dhaval kabadilisha tairi, kafunga ya kwangu.

Kazunguka mara tatu. Mara sita. Kapita katikati ya dimbwi kwa makusudi. Tope limeruka juu, limegonga plastiki, limeshuka. Karudi na shati jeupe. Jeupe. Kashuka, kanipa mkono mbele ya makuli wote, kasema kuanzia Jumatatu mimi ni mtu wa karakana. Fundi katingisha kichwa kukubali. Gideoni kaenda kukaa kwenye lundo la pumba.

Nilikuwa bado nimeshikwa mkono nilipoisikia sauti. Kilio. Si cha mtu mmoja. Kilio cha barabara nzima.

Geti limefunguka. Wameingia wanawake, labda hamsini, kanga viunoni, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Nyuma wanaume na masepetu na mizigo mingine ya kuni. Nyuma yao masufuria yale makubwa ya shughuli. Bibi Severina mbele. Kampita mlinzi, kampita Gideoni, kaja moja kwa moja kwa Dhaval, kamkumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi. Kamwambia baba yake alikuwa mtu mwema, mpunga wa wajane alikuwa anaukoboa kwanza.

Dhaval kauliza kwa nini anasema alikuwa.

Nimemtazama Dhaval. Dhaval kanitazama. Kachukua simu, kampigia baba yake. Haipatikani. Kampigia dereva. Haipatikani. Uso umemwisha rangi, kakaa chini kwenye tope lilelile ambalo madigadi yangu yalimwepusha nalo. Kaanza kulia.

Mzee mwenye kofia kafafanua kwamba wamesikia kwa desturi za familia hii ni moto, hakuna kaburi, ndiyo maana kila nyumba imeleta kuni mara mbili. Kapendekeza zipangwe pale karibu na stoo. Wakaanza kupanga.

Gideoni kasikia. Hapo ndipo nilipomjua Gideoni. Kajitupa kwenye pumba, kabiringika toka mwanzo wa lundo mpaka mwisho, kajipiga kifua, kamwita Mzee Premji baba yangu, mlezi wangu, umeniacha na nani. Mzee Premji hajawahi hata kulijua jina lake. Humwita wewe mrefu.

Na mimi? Daftari hili ni langu, sitajidanganya. Nimeshtuka, ndiyo. Lakini nimeinama kwa Dhaval, nimempa pole, kisha nimemuuliza kama lile la Jumatatu bado lipo.

Kaninyanyulia macho. Watu waliokuwa karibu wameacha kupanga kuni, wananitazama.

Wakati huohuo gari limeingia.

Mzee Premji kashuka. Jicho la kushoto limefungwa bandeji nyeupe, fimbo mkononi, mwilini kanzu nyeupe ya hospitali, maana nguo zake zilimwagikiwa dawa. Mtu mweupe toka juu mpaka chini kasimama getini mwake, akiuliza nani kaweka kuni zote hizi na za nini.

Wanawake arobaini na tisa wamekimbia. Wamepita kwenye mlango mdogo, wamepita juu ya ukuta, mmoja kapita chini ya lori. Kinyozi kaingia chooni akitaka kujifungia, kakuta hakuna mlango, kalia. Bibi Severina peke yake kabaki. Kainua mkono, kamuuliza Mzee Premji kwa jina la Mungu kama amekuja kwa heri. Mzee akajibu kwamba yeye amekuja kwa gari, simu zimeisha chaji, na anaomba mtu ampe maji ya kunywa.

Baada ya hapo ni maswali. Nani kasema mzee kafa? Watu wakarudi mmoja mmoja, wote wakasema hakuna aliyesema. Pipa ndilo lililosema.

Bibi Severina kaeleza. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana cha mtaa. Faraja ni jina la kikundi. Pipa ni la maji ya msibani, na halina stoo. Likishatumika hubaki kwenye nyumba iliyofiwa, kifudifudi, mpaka msiba mwingine. Hakuna wa kuligusa, hakuna wa kulirudisha, maana likitoka linakwenda kwenye maiti. Hapa mtaani hawapigi simu za msiba. Wanaona pipa linapita, wanauliza wapi na lini, basi. Walimsubiri Dhaval atangaze. Walipoona mashine inaendelea kukoboa, wakajua familia imechanganyikiwa kwa uchungu. Na mzee si alikwenda hospitali?

Kisha kauliza pipa liko wapi, walichukue.

Macho yamekwenda kwenye kigari, moja moja, kisha yote. Gurudumu la kushoto FAR. Gurudumu la kulia AJA.

Msiba wa Desemba ule nilikuwepo. Nilikula wali siku mbili. Maji ya kunawa nilichota kwenye pipa hilohilo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeitwa mbele ya wote, ofisini kwa Mzee Premji. Nimesimama. Kiti kilikuwepo, hakuna aliyeniambia nikae.

Mzee kaongea polepole. Kasema amekaa Chimala tangu azaliwe, na daima alidhani watu wanamjua kwa mizani tu. Jana kaona kuni. Kahesabu mizigo tisini na nane. Kafuta lile jicho moja. Kaagiza mchele utolewe stoo, kuni zisipotee, watu wapike na wale, kwa kuwa wameshakuja. Wamekula mpaka jioni. Msiba usio na maiti, na marehemu mwenyewe akipita na sinia kugawa pilipili. Mama muuza vitumbua alikuwa akimgusa mkono kila akipita, kuhakikisha.

Kisha habari za karakana. Mzee kasema ameambiwa jinsi kila mfanyakazi alivyopokea taarifa. Kuna aliyebiringika kwenye pumba. Kuna aliyeuliza kazi. Kaniuliza mimi ni yupi.

Nikasema mimi ndiye mwenye madigadi.

Fundi Andendekisye kanitetea. Kasema madigadi ya huyu baba yanafuata mviringo, ya yule yanakata tairi, na karakana haiendeshwi kwa machozi. Mzee kasema karakana ni yake. Gideoni anaanza Jumatatu. Gideoni kapiga magoti, kalia tena, kwa furaha safari hii, sauti ni ileile.

Nikamtazama Dhaval. Kasema yangekuwa madigadi tu angenisamehe, lakini alipokuwa kwenye tope akilia alisikia nikimuuliza Jumatatu.

Ya kikundi ni mabaya zaidi. Madigadi yamefunguliwa mbele ya watu. Bibi Severina kahukumu: mpaka nilete pipa jingine zima, kila msiba wa mtaa huu nitachota maji mimi, kwa ndoo, toka bombani. Nikauliza kama misiba ya huku ni mikubwa. Watu wamecheka kwa mara ya kwanza toka jana. Kinyozi kasema ya kwao huja watu mia tatu, na wanapenda kunawa.

Likabaki suala la vipande. Kwa taratibu vikae nyumba iliyofiwa mwisho. Mwisho ni kwa Premji, na Premji hajafa, kakataa. Wakasema basi virudi kwa Mama Sabina. Mama Sabina kasema ameshapanda mchicha. Wakashauriana. Viko chumbani kwangu, chini ya kitanda. Jirani wa kushoto sasa akipita mlangoni kwangu hupita upande wa pili wa njia.

Dhaval kaenda Igawa na kigari bila madigadi.

Jumapili, 16 Machi

Dhaval karudi. Wa mwisho. Tope kama juma lililopita, ila safari hii mlinzi alimjua, kampigia saluti. Hakuona mfereji, anasema, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Gurudumu la nyuma limeingia mferejini na ringi imepinda kama yai. Kigari kimesimama juu ya mawe karakana.

Wengine wakisikia hivyo wangecheka. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye, nikiwa peke yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Magunia. Nimeacha kuhesabu baada ya arobaini.

Kila nikipita na gunia namwona Gideoni karakana. Kakaa. Fundi kamwomba spana namba kumi na tatu, kampa nyundo. Fundi kainua macho juu kwenye bati.

Sasa sikiliza. Ringi za saizi ile hazipatikani Chimala. Dhaval kamtuma Gideoni atafute kwenye vyuma chakavu. Gideoni kaenda, karudi na hadithi. Mchana Dhaval kakasirika, kasema kwa sauti mbele yetu kwamba atakayemletea ringi nzima kabla ya wiki kwisha, huyo ndiye mtu wa karakana, na baba yake aseme atakavyo.

Nafasi ya pili. Watu wengi hawapewi.

Nimetumia mapumziko kutembea. Kanisa la kule juu, nyuma ya soko, kuna mti, na kwenye mti imening'inia ringi. Ya gari dogo. Nzima, haijapinda, matundu manne ya nati. Nimepima kwa kamba. Saizi yake hasa.

Najua ni kengele. Si mjinga, nimejifunza kuuliza vitu vya watu. Nimemuuliza mfagizi, kanieleza kila kitu: inagongwa Jumapili asubuhi, basi, na siku muumini akifariki. Leo ni Jumatatu. Kuna siku sita ringi imekaa bure inapigwa na upepo. Dhaval akiiona inakaa sawa kwenye kigari, kazi nimepata, atatafuta nyingine polepole, na hii inarudi mtini Jumamosi jioni. Kanisa haliwezi hata kugundua.

Limebaki la mtu kufariki katikati ya wiki. Hilo nalo sikutaka kulibahatisha. Jioni nimepita mtaani nyumba kwa nyumba nikiuliza kwa upole kama wana mgonjwa mahututi, na kama yupo, wanadhani atafika Jumamosi.

Nyumba tatu za kwanza, wote wazima. Ya nne ni ya Bibi Severina. Kaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamwambia ni mambo ya kazi tu, bibi. Kafunga mlango, na nimemsikia akiburuta kabati kuuegemeza mlango.

Kesho naenda na spana.